Sura ya Tisa: Pembe Zilizosuguliwa

Chapa ya pua ya ndama ililingana, na hapo ndipo asubuhi ya Inspekta Tokoro Shizue ilipoanza kuharibika.

Alikuwa amepanda milima hadi Orose akiwa na dhana moja tu ya kutegemea: kwamba kuna mtu aliyembadilisha ndama. Sasa dhana hiyo ilikuwa imelala juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi mbili bega kwa bega, na Kuga Nobumichi, mkaguzi wa chama cha usajili wa ng'ombe, alikuwa ameziinamia na lenzi jichoni.

"Ni yuleyule," alisema Kuga. "Hii niliichukua mwezi wa Juni kwa mkono wangu. Hii nimeichukua sasa hivi mbele yako. Tazama mfereji huu unavyopinda, na hivi vivimbe vitatu vilivyobanana. Wewe una vidole vya wezi, Inspekta. Mimi nina pua za ng'ombe. Hazidanganyi."

"Kwa hiyo ndama hakubadilishwa."

"Hakubadilishwa. Aliyebadilika ni mzee." Kuga alianza kufuta wino kwenye rola, polepole kuliko ilivyohitajika. "Inaniuma kulisema. Mzee Orita akipita njiani, marehemu baba yangu alikuwa akisimama."

Ndama mwenyewe, dume jeusi aliyeitwa Iwashige, alilamba wino puani akapiga chafya. Saa nane mchana kamati ya chama ingekaa mjini kuamua hatima yake. Ukoo wake, ambao watu wa bonde lile huuita mtambaa kwa jinsi unavyotambaa kutoka mama hadi binti, ulikuwa umebakiwa na ng'ombe wanne tu: yeye, mama yake Chiyo, na dada wawili wa Chiyo waliokwisha kuzeeka na kuacha kuzaa. Zamani, serikali ilipoleta madume ya Ulaya ili kuwaongezea ng'ombe wa nyumbani maungo, mabonde yote ya jirani yalipandisha. Orose ilificha majike yake msituni. Tangu hapo hapakuingia tone la damu ya nje, na hilo tu ndilo lililoufanya mtambaa wa Orose uwe kitu. Kamati ikiufuta leo, wanne hao wangekuwa nyama kama nyama nyingine, na Orita Shigeto, aliyewatunza maisha yake yote, angekuwa mwongo katika kila nyumba ya bonde.

"Nikumbushe majibu ya maabara," alisema Shizue.

Kuga hakuhitaji kusoma popote. "Baba wa ndama ni sahihi. Dume la mtambaa, limeshakufa, mbegu yake tunayo kwenye barafu. Mama si sahihi. Jike mwenye hereni yenye namba ya Chiyo hakumzaa ndama huyu. Na jike huyo mwenyewe ana damu ya kigeni, ile ya ng'ombe wa kahawia wa Uswisi. Labda bibi yake."

"Basi unamshitaki mzee kwa uongo wa aina mbili."

"Naam. Jike mwenye damu ya nje amemwita wa mtambaa. Halafu amechukua ndama wa jike mwingine akamwandikisha kwa jina lake."

"Ya nini yote mawili?"

Kuga akainua uso.

"Anayedanganya hudanganya penye haja," alisema Shizue. "Kama jike wa uongo ameshaingia kitabuni na hakuna anayemshuku, si angemwacha azae tu? Ya nini kuhangaika kutafuta ndama wa pembeni, tena ambaye baba yake ni halali?"

"Huenda jike hakushika mimba."

"Huenda."

Hakulipenda jibu hilo, lakini lilisimama kwa miguu yake. Alitazama saa. Kutoka Orose hadi mjini ni mwendo wa saa moja na nusu, na kamati ilikuwa imeahidi kungoja simu yake hadi itakapoketi, si zaidi.

Hapo ndipo lori liliposikika likipanda mteremko. Lilikuwa bado halijapita kwenye mti mkubwa wa kona wakati sauti nzito ilipotoka zizini, nyuma ya nyumba. Ng'ombe alilia kwa mlio mrefu, wa nguvu, uliomfanya Shizue ageuke.

"Amelijua lori la machinjioni," alisema Kuga kwa huzuni. "Huwa wanajua."

Lori lilisimama uani, injini ikiendelea kunguruma. Akateremka mtu mnene mwenye uso mwekundu na taulo shingoni. Huyu alikuwa Hamasaki Ryokichi, msafirishaji wa mifugo wa bonde la chini. Ni yeye pia aliyewakusanya ng'ombe wa watu kila kiangazi na kuwaachia kwenye matuta ya mpunga yaliyotelekezwa, ili wale magugu.

"Bwana Kuga! Bado unawapaka ng'ombe rangi ya midomo?" Alicheka peke yake. "Na huyu ndiye mama polisi? Inspekta, leseni ninayo, tairi mpya, na pombe niliacha jana."

"Umefuata nini, Bwana Hamasaki?"

"Kumsitiri Fusae, mkwe wa mzee. Nimemwambia nitamwondoa yule jike mapema. Kamati ikishatangaza, watu wa magazeti watajaa hapa na kamera zao. Mimi nampeleka kimyakimya, nawalipa bei nzuri, basi. Mzee atapumua."

"Kamati haijakaa."

"Aa, Inspekta! Bonde zima linajua itasema nini. Hata wewe unajua, ila umelipwa posho ya safari."

"Ngoja kwanza," alisema Shizue.

"Nangoja. Lakini mchinjaji haningoji mimi."

Hakulizima lori. Shizue aliuona mkono wake ukigusa mlango, ukiacha, ukigusa tena. Mtu mchangamfu namna ile, na mkono wake hautulii. Aliliweka hilo akilini, akamfuata Fusae jikoni.

Orita Fusae alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane wa mtoto wa pekee wa mzee. Alikuwa anamenya matunda ya persimoni ya kukausha, na ganda lilikatika mara tu polisi alipoingia.

"Mzee yuko wapi?"

"Amelala chumba cha ndani. Tangu avunjike nyonga mwezi wa Julai hasimami bila chuma cha kushikia. Na macho yake ndiyo hivyo, anaona vivuli tu."

"Nani humlisha Chiyo?"

"Mimi. Tangu mume wangu afariki, miaka kumi na moja sasa. Baba huwaambia watu ni yeye." Karibu atabasamu. "Ni mimi."

"Anakula?"

"Anakula."

"Vizuri?"

Fusae alichukua tunda jingine, akaligeuza mkononi, hakulimenya. Shizue alikuwa amewahoji watu wengi, na alijua kimya cha mtu anayetafuta maneno na kimya cha mtu anayeyaficha. Hiki kilikuwa cha pili. Basi ndiye huyu, alifikiri. Mkwe ndiye aliyejua.

"Mama Fusae, saa nane ikifika sitakuwa na uwezo wa kumsaidia mtu yeyote. Kama kuna jambo ulifanya na mzee, au bila mzee, sema sasa."

"Sikufanya kitu!"

"Mbona hutaki tuongelee zizini? Nimekuomba mara mbili tangu nifike. Mara chai, mara persimoni."

Kisu kilitua mezani. "Kwa sababu utaona," alisema Fusae.

"Nitaona nini?"

"Utaona kuwa hanitaki!" Sauti ilimtoka juu, kisha akaishusha haraka, akitupa jicho kwenye mlango wa ndani. "Chiyo hanitaki. Tangu arudi kutoka matutani mwisho wa Septemba. Nikiingia anageukia ukutani. Hali mpaka nitoke. Amenipiga teke mara mbili, nina alama mpaka leo. Baba husema ng'ombe wa mtambaa humjua mwenye nyumba, wa kuja humvumilia tu. Nikasema basi, amechoka kunivumilia."

"Mzee hajui?"

"Ningemwambiaje? Mwanawe amekufa, wajukuu sikumzalia, nyumba imebaki na mimi, na hata ng'ombe amenikataa? Alipotoka hospitali nikamwambia mteremko wa zizini una utelezi, asubiri ukauke." Alijifuta uso kwa aproni. "Hauna utelezi. Nimeufagia mwenyewe."

Shizue alisimama. Dhana yake ya pili ilikuwa imedumu muda wa kumenya tunda moja, na alipoipoteza, mahali pake paliingia nyingine, mbaya zaidi.

"Twende zizini," alisema. "Mwite Bwana Kuga. Huyo wa lori mwache."

Ng'ombe alisimama kwenye kibanda cha mwisho, uso ukutani, kama Fusae alivyosema. Alikuwa jike mweusi wa maungo mazuri, na hereni ya njano kila sikio. Kuga aliisoma namba kwa mazoea, midomo ikicheza, akaitikia kwa kichwa. Lakini Shizue alikuwa akitazama juu kidogo ya hereni. Pembe za ng'ombe ziling'aa kama kiatu cha ofisa.

"Huwa zinang'aa hivi?"

"Hapana," alisema Fusae. "Ni Bwana Hamasaki. Alizipiga msasa na kuzipaka mafuta ya kamelia kabla hajamrudisha. Alisema baba akitoka hospitali amkute Chiyo amependeza."

"Wema ulioje," alisema Shizue. "Bwana Kuga, hili ni la kawaida?"

"Kwa maonyesho, ndiyo. Madume na mitamba husuguliwa mpaka unajiona uso. Kwa jike mzazi hapana, maana pembe ndiyo inayokuambia amezaa mara ngapi. Kila mimba huacha pete kwenye pembe, na..."

Aliacha kusema. Alitia kidole kwenye shina la pembe, akakipandisha hadi nchani, akakirudisha.

"Chiyo amezaa mara ngapi?" aliuliza Shizue.

"Iwashige ni wa saba," alijibu Fusae.

"Pete saba, Bwana Kuga?"

"Hakuna hata moja. Msasa umekula kila kitu." Kuga alijipangusa kidole. "Nani anasugua pembe za ng'ombe aliyetoka kula magugu?"

"Ndilo swali langu. Mara ya mwisho kulinganisha chapa ya pua ya Chiyo ilikuwa lini?"

"Ya jike mzima?" Kuga alionekana kama mtu aliyetukanwa. "Hatulinganishi. Chapa huchukuliwa akiwa ndama, basi, baada ya hapo tunasoma hereni. Kumpangusa pua jike wa mtu, jike anayejulikana bonde zima, ni kama kumwendea mzee ameketi na mkewe umwambie akuonyeshe cheti cha ndoa."

"Ulipokuja kuchukua damu mwezi wa Oktoba?"

"Nilisoma hereni," alisema Kuga kwa sauti ndogo. "Mzee alikuwa bado hospitalini. Ningewezaje kufanya vile nyuma ya mgongo wake?"

"Na hereni haihamishiki?"

"Haihamishiki! Ukiikata haifungi tena. Lazima uombe mpya."

"Alirudi na mpya," alisema Fusae.

Wote wawili wakamgeukia.

"Za zamani zilinasa kwenye uzio kule matutani. Bwana Hamasaki aliziombea nyingine yeye mwenyewe, ili mimi nisihangaike na safari za mjini. Nilimpelekea kabichi kumshukuru."

Nje, injini ya lori iliendelea kuguruma. Shizue alizungumza polepole, akiipanga hoja moja juu ya nyingine kama mtu anayepanga kuni.

"Iwashige alizaliwa Machi. Chapa yake mliichukua Juni, naye ndiye yuleyule. Chiyo akaenda matutani baada ya hapo. Damu ya mama mliichukua Oktoba, aliporudi. Bwana Kuga, hakuna uongo wa aina mbili. Ndama ni wa kweli, na mama aliyemzaa ni wa kweli. Mlichopima ni damu ya ng'ombe mwingine."

"Mungu wangu," alisema Kuga.

"Piga simu ofisini kwenu. Watume picha ya chapa ya Chiyo alipokuwa ndama, na umchukue huyu chapa sasa hivi. Nipe kitu cha kuiambia kamati."

Kuga alitoa wino na taulo. Mikono iliyokuwa mitulivu kwa ndama sasa iliangusha rola mara mbili, na ilibidi Fusae aishike kamba wakati jike akirusha kichwa. Karatasi ilipopatikana, Kuga aliinua simu, akaitazama, akatoka mbio kupanda mlima. Zizini hapakuwa na mtandao.

Alipishana mlangoni na Hamasaki.

"Haya, jamani, kazi ni kazi," alisema Hamasaki. Alikuwa na kamba begani. "Huyo anakimbilia wapi, amechomwa na nyigu?"

Ng'ombe akageuka kutoka ukutani. Alinyoosha shingo juu ya kizuizi hadi kamba ikakaza, akatoa ulimi kuelekea mfuko wa koti la Hamasaki, akalia mlio uleule mrefu.

Shizue alitazama ulimi ule. Mnyama anayeogopa lori hurudi nyuma. Huyu, lori lilipofika, hakuwa akiogopa chochote. Alikuwa akisalimia.

"Anakupenda, Bwana Hamasaki."

"Ng'ombe wote wananipenda, Inspekta. Wanaonikimbia ni wanawake tu."

"Kwa kiangazi kimoja tu matutani?"

"Nina mkono mtamu."

"Mama Fusae amemlisha miaka kumi na moja, na hamtazami."

Tabasamu la Hamasaki lilibaki pale lilipokuwa, ila sasa halikuwa na kazi. "Wanyama, dada yangu. Nani anawaelewa?"

"Nenda ukazime lori."

"Betri mbovu. Nikizima haliwaki."

"Zima."

Hamasaki hakusogea. Alitazama mlango, akatazama kamba mkononi mwake. Hapo ikasikika sauti ya chuma kikigonga mawe, hatua, chuma, hatua, ikishuka mteremko wa kutoka nyumbani.

"Baba!" Fusae alikimbia. "Baba, utaanguka!"

"Kwenye utelezi gani?" Mzee Orita Shigeto alitokea mlangoni ameegemea chuma chake, koti la pamba limevaliwa upande mmoja, pumzi zikimpiga. "Nimesikia ng'ombe nisiyemjua akilia ndani ya zizi langu. Mara mbili. Mara ya kwanza nikasema ni uzee. Nani huyu?"

"Ni Chiyo, mzee," alisema Hamasaki upesi. "Kiangazi kimemkwaruza sauti kidogo. Rudi ulale."

"Sikukuuliza wewe."

Fusae alimshika kiwiko akamfikisha kwenye kizuizi. Mzee aliinua mkono, akapapasa hewani, akaipata pembe ya kulia. Kidole gumba kilishuka hadi shinani, kikazunguka mara moja, kikazunguka tena.

"Mwaka ule ndama alipokwama akizaliwa," alisema, "Chiyo alikaa mwezi mzima bila kula. Wewe Fusae ulikuwa unamnywesha uji kwa mkono. Pembe yake ina bonde hapa, kidole kinazama mpaka ukucha. Hakuna msasa wa kuliziba bonde lile." Aliutoa mkono wake, akaupangusa kwenye koti. "Huyu si Chiyo. Fusae, ulijua?"

"Sikujua, Baba." Fusae aliinama hadi paji la uso likakaribia magoti. "Nilidhani amenikataa."

Mzee aliegemea kizuizi, akamgeuzia Hamasaki uso.

Kuga alirudi akihema, majani makavu yamemganda kwenye suruali, simu mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. "Si yeye! Hata mfereji mmoja haulingani. Si yeye, Inspekta!"

"Basi walichanganyika!" Hamasaki aliinua mikono. "Kule matutani wangu walikuwa weusi, wa mzee mweusi, ukungu kila asubuhi. Ni kosa, jamani. Mtu hukosea."

"Kosa hilo ndilo lililoomba hereni mpya?" aliuliza Shizue. "Ndilo lililonunua msasa? Yuko wapi Chiyo?"

"Kama alichanganyika na wangu, basi nilimuuza nao. Ameshaliwa, pole sana. Nitalipa."

Fusae aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee alikigonga chuma chake sakafuni mara moja.

Shizue alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni, akipanda pale Kuga alipopata mtandao. Kabla ya kamati kuketi ilikuwa imebaki chini ya saa moja. Kituo cha bonde la chini kilikuwa na Sajini Ushio, na zizi la Hamasaki lilikuwa mkabala na kituo, ng'ambo ya barabara. Ushio alivuka akiwa bado kwenye simu.

"Nipo uzioni kwake, Inspekta. Ng'ombe wamo, saba au wanane, weusi wote. Kuna gari lenye namba za mkoa mwingine. Mtu ana koti jeupe na mtungi unaotoa moshi wa baridi. Anasema ni daktari wa mifugo, amekuja kuwatoa viinitete na anaondoka sasa hivi."

Hapo ndipo sababu ya yote ilipojitokeza. Hamasaki hakumwiba Chiyo kwa nyama. Viinitete vya mtambaa wa Orose, mimba changa za kupandikizwa kwa majike wengine, ndani ya mtungi mmoja, vingeweza kuvuka bahari kabla ya jioni.

"Tafuta jike mwenye bonde kwenye shina la pembe ya kulia."

Hatua zilisikika simuni. "Inspekta, hawana pembe. Wamekatwa wote. Vidonda bado vibichi."

Shizue alifumba macho.

"Na sina hati ya upekuzi," aliendelea Ushio. "Mwenye mali anasema nini?"

"Anasema ng'ombe aliyepotea ameshaliwa."

"Basi nipe sababu ya kuvuka uzio huu, Inspekta. Nipe yoyote. Daktari ameshafungua mlango wa gari."

Alitazama chini. Fusae alikuwa amemleta mzee hadi nje ya zizi, na Kuga alikuwa amesimama mbele ya lori, mikono ameipanua, kana kwamba mkaguzi wa chama angeweza kulizuia. Shizue aliteremka hatua chache, hadi pale mtandao ulipoanza kukwaruza, akafungua spika ya simu.

"Ushio, isogeze simu yako kwenye uzio. Mzee Orita, Chiyo ulikuwa ukimwitaje?"

Mzee alielewa mara moja. Alijinyoosha, akavuta pumzi. "Boo-oo. Bo, bo, bo." Sauti ilitoka imekauka. Mipira ya kupumulia ya hospitali ilikuwa imeiacha na mikwaruzo. Wakasikiliza. Simu ilileta upepo, na mlango wa gari ukifungwa.

Mzee akaita tena. Upepo.

"Ng'ombe kupokea simu!" Hamasaki alicheka kutoka mlangoni mwa zizi, lakini jasho lilikuwa limelowesha taulo lake. "Mambo gani haya?"

"Anaondoka, Inspekta," ilisema sauti ya Ushio.

Mzee Orita alibaki ameinamisha kichwa. Kisha akasema, bila kugeuka, "Fusae. Asubuhi huwa anaitwa na nani?"

"Na mimi, Baba."

"Basi mwite."

"Hatanijibu."

"Mwite kama unavyomwita ukiwa peke yako naye. Mimi siko hapa."

Fusae aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliwapa wote mgongo, akaisogeza mdomoni kama anayemnong'oneza mtoto.

"Boo-oo, bo. Chiyo. Chi-yo. Pumba ni ya moto, mama. Njoo ule kabla haijapoa."

Upepo. Mnyororo ukilia mahali fulani, mbali.

Kisha ng'ombe akalia. Haukuwa ule mlio mrefu wa zizini. Ulikuwa wa chini, mfupi, kama kikohozi, ukafuatwa na mwingine, na mwingine, kila mmoja ukiupanda uliotangulia mgongoni, na nyuma yake mbao zikavunjika.

"Inspekta!" Ushio alikuwa anapiga kelele. "Kuna mmoja amevunja kizuizi! Anakuja moja kwa moja kwenye uzio, anakuja kwenye simu!"

"Ingia," alisema Shizue. "Mzuie daktari na mtungi wake. Asiguse kitu."

Kuga alikuwa ameshapiga simu yake, akiwaambia watu wa kamati wasiketi, wasiketi, nasema msiketi, akisahau vyeo vyao vyote. Hamasaki aliketi kwenye ngazi ya lori lake, akanyoosha mkono akazima injini. Uani pakawa kimya, ila kwa ile sauti iliyokuwa ikitoka mikononi mwa Fusae.

Alikuwa amesimama ameikumbatia simu. Mzee Orita alimpapasa hadi akaupata mkono wa nguo yake, akauvuta.

"Mwite tena," alisema. "Asije akadhani umekata."